Kengele yetu ilikuwa reli

Mikindani,
Jumapili, baada ya alasiri

Somo yangu,

Salaam nyingi wewe, shemeji na watoto. Mzee mpe salamu zake peke yake, usimchanganye na wengine, maana barua hii nusu ni yake. Sisi huku hatujambo. Mikorosho imeshatoa maua na watu wanapuliza salfa tangu alfajiri. Ukipita njia ya mashambani unarudi nyumbani unanuka kiberiti.

Najua utashangaa kupata karatasi. Ningekupigia, lakini wewe ukianza kuongea hukati, na salio ni langu. Halafu mkasa wenyewe umetokana na simu, kwa hiyo kwa sasa mimi na simu tumenuniana kidogo.

Unalijua benchi langu la nje ya kibanda. Siku hizi Jumamosi asubuhi halina nafasi. Kuanzia saa tatu mpaka saa tano kuna kipindi cha redio ya hapa hapa mkoani, watu wanapiga simu wanazungumza mambo ya nchi: bei za mazao, siasa, historia, maji, chochote. Mimi nashona, redio iko juu ya kabati la vitambaa, antena yake ilivunjika nimeunga waya wa hanga. Wazee wanakaa, vijana wa bodaboda wanaegesha, muuza kahawa naye anatua birika. Wateja wa nguo ni wawili watatu, waliobaki wote ni wateja wa redio. Mke wangu anasema ningetoza kiingilio ningeshapaua chumba cha nyuma.

Wapigaji tumeshawazoea kwa sauti, kama unavyozoea waadhini. Yuko mzee wa Chikongola ambaye hawezi kutoa hoja bila kupitia Kilwa. Muulize bei ya sukari, atakwambia Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji, ndipo aje kwenye sukari, na kabla hajaifikia muda wake umekwisha. Yuko mama wa Tandahimba ambaye kila mara anaanza na "mimi sina chama." Ukisikia hivyo jua chama kizima kinafuata nyuma yake. Na yuko mmoja wa Lindi anayepiga kila wiki kudai mjusi wetu wa Tendaguru arudishwe kutoka Berlin. Yule mjusi mkubwa wa kale, mifupa waliyoichimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913, babu zetu wakaibeba vichwani mpaka bandari ya Lindi. Anazidi mita 13 kwenda juu. Juzi mtangazaji akamuuliza, "Akija tumweke wapi?" Jamaa akajibu, "Mwanangu, kwanza aje, kulala atalala nje kama sisi." Benchi zima liliangua kicheko, hata mimi nikashona vidole vya mtu, namaanisha nilikaribia.

Lakini usidhani ni mzaha mtupu. Wiki moja mada ilikuwa kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kinyemela, hata kabla hajavuna. Nilijua watapiga wanunuzi wajitetee, au viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wawalaumu wanunuzi. Akapiga mama mmoja, sauti ndogo, akasema: "Mimi naitwa muuza kangomba. Naomba mnisikilize." Akaeleza mwezi wa saba mtoto ana homa, ndani hakuna hata unga, na korosho ziko juu ya mti bado ni maua. Anakuja mtu na pesa mkononi. Unauza ua. Ukifika mwezi wa kumi zile kilo si zako, wewe unabangua jua tu. Akasema ule msimu wa 2018, serikali ilipotangaza kununua zote kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba, yeye alisikia tangazo redioni akiwa amekaa chini ya mkorosho ambao mavuno yake alishayala mwezi wa saba. Halafu wakaja wahakiki kuuliza nani ana shamba na nani hana. Shamba analo. Korosho hana. Aandikwe wapi?

Mtangazaji alinyamaza. Redioni ukimya wa sekunde tano ni mrefu, somo. Nilisimamisha cherehani.

Sasa nije kwenye langu.

Jumamosi ya juzi mada ilikuwa reli. Unajua habari ya reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Tumeahidiwa hiyo tangu mimi na wewe tuna nywele. Mgeni studio alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mzee wa taratibu, anazungumza kama anaandika ubaoni. Akaanza kwa kusema hii haitakuwa reli ya kwanza ya kusini, ni ya pili. Ya kwanza tulikuwa nayo, ikang'olewa.

Hapo hapo akapiga kijana, bodaboda kwa sauti yake, injini unaisikia nyuma. "Mwalimu, mimi nimezaliwa Kata ya Reli. Nina miaka ishirini na sita. Sijawahi kuona hata taruma moja. Hizi hadithi za wazee zimetuchosha. Kama ilikuwepo, iko wapi?"

Somo, damu ilinipanda. Kata inaitwa Reli, haina reli, na anayekaa humo anasema jina limeanguka kutoka mbinguni! Nikachukua simu nikapiga. Inatumika. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka muuza kahawa akaniambia niache, naichosha laini. Mara ikaita.

"Hallo, nani mwenzetu?"

"Fundi, Mikindani."

"Fundi, punguza redio yako."

Nikanyoosha mkono kabatini, kwa haraka nikashika kitufe sicho. Badala ya kupunguza nikahamisha stesheni, ikaingia kasida kwa sauti ya juu, mkoa mzima ukaisikia kasida yangu. Mwishowe nikang'oa betri. Nikasema: "Mtangazaji, mwambie huyo kijana reli ilikuwepo na ushahidi ni haya masikio yangu. Miaka saba nimeitwa darasani kwa kipande cha reli. Kengele ya shule yetu ilikuwa reli, imening'inizwa kwenye mwembe, inagongwa kwa nondo. Ningekosaje kuijua?"

Mpaka hapo nilikuwa vizuri. Benchi linanipigia makofi. Ningekata simu pale ningekuwa shujaa mpaka leo. Lakini unanijua. Nikaongeza: "Na aliyeing'oa ni Mwingereza. Alipoona Uhuru unakuja akaing'oa kwa kisirani, akaondoka nayo, ili tubaki na mavumbi."

Mwalimu akakohoa kidogo. "Fundi, asante kwa kengele. Lakini hilo la pili si kweli. Reli yetu imeng'olewa bendera yetu ikiwa imeshapanda."

Akaieleza yote, na mimi niko bado hewani, siwezi kukata, siwezi kujibu, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kwamba baada ya vita Waingereza kwao hawana mafuta ya kupikia, wakaamua yatoke kwenye karanga za Tanganyika. Mwaka 1947 wakaanza, wakipanga ekari zaidi ya milioni 3, sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta hayatoshi, wakachukua vifaru vya vita wakavigeuza vilime. Udongo wa Kongwa jua likiupiga ukawa kama saruji, mvua ikagoma, na karanga zilizotoka hazikufika popote. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikaufuta mpango, zimeshateketea pauni milioni 36 na ushei. Huku kwetu sasa ndiko kichekesho, kama ni kichekesho: reli ya kubeba karanga za Nachingwea ilishalazwa, na bandari ya Mtwara yenye kina cha meli kubwa ikafunguliwa 1954, karanga zina miaka mitatu kaburini. Hata mji wenyewe ulichorwa mpana vile, barabara pana, mtaa na mtaa mbalimbali, kwa kungojea utajiri ambao haukuja. (Mimi siku zote nilidhani ni kwa ajili ya upepo.) Reli ikabaki inapeleka mizigo kidogo, hasara kila mwaka, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya Uhuru, shirika la reli la Afrika Mashariki likaifunga, vyuma vikang'olewa.

"Kwa hiyo fundi," akamalizia, "aliyeiweka ni mgeni kwa faida yake, lakini siku ya kuiondoa sisi tulikuwepo."

Nikasema, "Haya mwalimu," nikakata.

Nikwambie ukweli ambao benchini sijausema. Kukosolewa hewani hakukuniuma sana, mimi nimekosolewa na wateja miaka thelathini. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na mtu wa kumlaumu tangu utotoni, nimemzoea, na mwalimu akaninyang'anya kwa dakika mbili. Usiku nililala nikiwa na kesi isiyo na mshtakiwa.

Na kuna kitu kingine nimekigundua katika kipindi hiki, sijui kama huko Mbagala mnakiona. Huku mtu akisema reli, nusu ya maneno yake ni gesi. Tunapozungumza karanga tunapima bomba. Wewe ulikuwa umeshahama, lakini mimi tarehe 22 Mei 2013 nilikuwa kwenye cherehani hii hii. Vipeperushi vilikuwa vimepita kutuambia siku hiyo tukae tusikilize bajeti ya Nishati na Madini ikisomwa bungeni. Nilikuwa nakata suruali ya sare ya mtoto wa jirani. Waziri anasoma, mimi nakata. Alipofika kwenye bomba la kupeleka gesi yetu Dar es Salaam, lile tulilokuwa tukilipinga, kwamba kazi inaendelea, mkono ukaendelea wenyewe, nikakata mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Baadaye mji ukawaka, watu wakafa, hayo unayajua. Ile suruali sikuitupa. Iko chini ya kabati mpaka leo, mguu mmoja inchi tatu pungufu. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982 sisi tukiwa vijana wa kuvua kaa, inapita humo usiku na mchana.

Basi redioni hayo hayasemwi hivyo. Mtu akianza "ndiyo kama lile bo..." unamsikia mtangazaji: "Naona laini yetu ina mikwaruzo kidogo," na mara linaingia tangazo la mbegu za ufuta. Simlaumu. Leseni si yake na mshahara ni wake. Lakini wapigaji nao si wajinga, wamejifunza kona. Siku ile ile ya reli mzee wa Chikongola alipiga, akaanza Kilwa kama kawaida yake, dhahabu ya Sofala inapita, meli zinalipa ushuru, mji unajengwa kwa mawe. Nikasema huyu leo kapotea kabisa. Akafika mwisho akauliza swali moja tu: "Mwalimu, mali ikipita mahali, mahali hapo pabaki na nini?" Akakata mwenyewe. Tangazo la ufuta halikuwahi.

Nirudi kwenye kengele, maana ndiyo shida yangu. Baada yangu yule kijana akapiga tena. "Fundi wa Mikindani, kengele si ushahidi. Kipande cha reli hata shule za Dodoma wanacho, hata Tabora. Nani kakwambia chako ni cha hapa? Kinaweza kuwa kimeletwa na lori." Na ndivyo ilivyo, somo! Sina jibu. Wiki nzima benchini naitwa Fundi Kengele. Watoto wakipita wanagonga bakuli.

Jumanne nikafunga kibanda nikaenda shuleni. Mwembe wetu upo, umezeeka upande wa baharini. Kengele haipo, siku hizi wanagonga ringi ya lori. Mwalimu mkuu, mama mmoja mcheshi, aliposikia sauti yangu akasema, "Wewe si yule wa kasida?" Akanipeleka nyuma ya stoo. Kipande chetu kimelala chini pamoja na madawati mabovu, kuku ametagia pembeni yake. Nikakipima kwa futi yangu ya kamba: inchi ishirini na mbili. Kichwani pameliwa na nondo, pamebonyea kama mto wa kulalia. Nilikuwa nimechukua msasa, nikasugua ubavuni karibu nusu saa, nikijua reli huandikwa mwaka ilipotengenezwa. Zikatoka namba mbili, moja na tisa. Baada ya hapo ni kutu.

Nimerudi na vumbi jekundu mfukoni na 19 yangu.

Sasa nisikilize. Tuko darasa la tatu, unakumbuka? Wewe ulisema kengele kaileta baba yako, kaibeba kwa baiskeli kutoka huko alikokuwa kibarua. Mimi nikakwambia mbele ya watu wewe ni mwongo, mtu hawezi kubeba reli kwa baiskeli. Tukapigana pale pale chini ya mwembe, na mfuko wa shati langu ukabaki mkononi mwako. Mama alinichapa kwa ajili ya mfuko ule. Sikukuomba radhi, na wewe hukurudia tena kuisema habari ile, si shuleni, si tulipokuwa wakubwa. Nimekishika kile kipande juzi. Kizito, lakini inchi ishirini na mbili zinakaa kwenye keria. Ukikifunga kwa mpira wa tairi zinakaa vizuri sana.

Nilikukosea, somo. Miaka hamsini imepita, lakini naomba uipokee hivyo hivyo.

Na sasa nakuja na ombi kwa mtu niliyemwita mwongo. Mkalishe Mzee asubuhi, akiwa ameshakunywa chai, masikio yake nasikia asubuhi ni mazuri. Mrekodi kwa simu. Muulize kile chuma alikichukua wapi na nani alimruhusu. Muulize siku wanang'oa alikuwepo, na walioshika mitalimbo walikuwa akina nani, walilipwa kiasi gani, vyuma vingine vilipelekwa wapi. Muulize kama aliiona treni ya mwisho. Usimwongoze, na akisema sivyo ninavyotaka mimi, mwache aseme. Hata akisema waling'oa wenyewe wakiimba, nataka niisikie hiyo nyimbo. Dakika mbili tatu zinatosha, mwalimu mstaafu ameniahidi ataziweka hewani, na yule kijana wa Kata ya Reli nimeshapata namba yake, nimemwambia Jumamosi asiende safari ya mbali. Kumbe ni kijana mzuri. Amekuja kibandani, nimempunguzia suruali.

Kifurushi nimempa utingo wa basi la Ijumaa, atakushushia Rangi Tatu. Ndani kuna korosho za kubangua nyumbani, kilo tatu, na ming'oko ya Mzee, ile mizizi ya porini. Mwambie shemeji aichemshe kwa maji kidogo, akiizidisha maji anaiharibu. Suruali ya kijivu ni yako, nimekisia kiuno kwa picha ya Idi, kikibana usiniambie.

Na unapomrekodi Mzee, zima redio kwanza.

Ni mimi somo yako,
Fundi